Mayai, Godoro na Krosi za Pikapu

Siku ya kupeleka mayai, hakuna anayekunywa chai akiwa amekaa. Mke anafuta mayai kwa kitambaa kikavu na kuyapanga kwenye trei. Mume anapakia trei nyuma ya pikapu. Bibi, mama yake mume, amekwisha kukaa kiti cha mbele na mkoba wake mapajani, ingawa safari bado.

"Mama, shuka kwanza upate chai," mke anamwambia.

"Nikishuka mtaniacha. Nawajua ninyi."

Kuku ni wa mke. Aliwalea tangu vifaranga, ndani ya stoo, akiwawashia taa ili wapate joto. Pikapu ni ya mume. Ni kuukuu na haifichi umri wake. Mlango mmoja una rangi yake, na kioo cha pembeni kimefungwa kwa waya. Lakini inawaka, na ole wako uiseme vibaya mbele ya mwenyewe. Atanuna kutwa nzima.

Mtaani wanamwita Baba Mayai.

"Kuku wangu, jina lako," mkewe humwambia. "Haya, hongera."

Mayai karibu yote humwendea mwokaji mmoja wa mikate, upande wa pili wa mji. Yeye ndiye anayewalisha kuku wale, na kuku ndio wanaoilisha nyumba.

Shida ilianza polepole. Mwanzoni lilivunjika yai moja, safari nyingine mawili. Hakuna aliyejali. Kisha yakaanza kuvunjika mengi, hadi trei za chini zikawa zinafika zikichuruzika ute.

Baba Mayai aliwalaumu kuku.

"Maganda yao ni mepesi mno," alisema. "Hawa kuku wako umewadekeza. Waongezee chokaa."

Mke akawaongezea chokaa ya mifugo kwenye chakula. Maganda yakawa magumu kweli. Mayai yakaendelea kuvunjika.

Bibi akailaumu barabara. Wakaiacha ile ya mashimo, wakazunguka kwenye lami. Mayai yakavunjika huko huko kwenye lami.

Ndipo Baba Mayai akapata wazo, na wazo likimwingia mtu yule hakuna wa kulitoa. Aliingia chumbani, akaburuta godoro la kitandani, akalitandika nyuma ya pikapu.

"Baba watoto!" mke alipiga kelele. "Hilo si godoro letu?"

"Ndilo. Ni laini. Litameza mtikisiko wote."

"Na sisi tutalala wapi?"

"Mkeka si upo?"

Basi ikawa hivyo. Wenye nyumba wanalala mkekani, migongo inawauma, na mayai yanasafiri juu ya godoro kama maharusi. Na bado yalivunjika! Godoro likanyonya ute, jua likalipiga, na harufu yake sitaki kuisimulia.

Sasa sikiliza jambo la kushangaza. Wakati wote huo pikapu yenyewe ilikuwa inasema. Baba Mayai akiachia klachi, chini ya gari kitu kiligonga: kong! Ikienda polepole, kitu kililia: kwi, kwi, kwi. Ikishika kasi, bodi zima lilitetemeka. Lakini sauti hizo zilikuja kidogo kidogo, na masikio ya watu watatu yakazizoea.

"Ni uzee tu," alisema Baba Mayai, akiongeza sauti ya redio.

"Hata mimi magoti yanalia," alisema Bibi. "Na sijapelekwa gereji."

Siku moja mwokaji alishusha trei ya chini, akaitazama, akairudisha. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo hakutabasamu.

"Mama," alimwambia mke, "kuku wako ni wazuri. Tatizo ni kwamba mimi nanunua mayai, sinunui uji. Safari ijayo nikikuta hali hii, nitachukua kwa mtu mwingine. Ameshakuja kuniomba mara nyingi. Samahani sana."

 Walipofika nyumbani mke alikwenda moja kwa moja hadi kwenye banda, akasimama mlangoni. Kuku wakamkimbilia wakidhani kaja na chakula. Machozi yakamtoka.

"Mwokaji akiniacha, nitawauza," alisema. "Wote. Siwezi kuwalisha maneno."

 Baba Mayai akapanda pikapu aisogeze kivulini. Akaachia klachi.

Kong!

"Zima gari!" sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta. "Zima hapo hapo!"

Kichwa kilichofungwa kitambaa kikatokeza juu ya ukuta. Alikuwa Mama Spana. Huyu ni jirani yao, mwalimu wa ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Mtaa mzima unajua kwamba ni hodari, kwa sababu mwenyewe huwakumbusha. Ana sauti ya kumfikia mwanafunzi anayesinzia kiti cha mwisho.

"Shemeji, hiyo 'kong' umeisikia?"

"Ipi?"

"Eti ipi! Nimeisikia mimi niliyekuwa jikoni nakaanga vitunguu!"

"Aa, hiyo. Hiyo ni ya siku zote, dada."

"Na mtu akiwa na homa ya siku zote, humpeleki hospitali?"

Alizunguka akaingia getini. Akamwamkia Bibi kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu. Mimi hanisikii."

Mama Spana akamgeukia Baba Mayai. "Ukiachia klachi, kong. Ukitoka rivasi kwenda mbele, kong tena. Ukienda polepole kuna kitu kinalia kama kifaranga. Ukikimbia, gari linatetemeka na mayai yanavunjika. Kweli, uongo?"

"Nani kakwambia?"

"Gari lako. Limepiga kelele miezi mingapi? Leteni mawe makubwa, tuangalie huko chini."

Hakukubali mtu yeyote aingie chini ya gari kabla ya mambo matatu kufanyika. Breki ya mkono ivutwe. Gia iwe huru. Magurudumu yawekewe mawe, mbele na nyuma. Yote yalipokuwa tayari alitandika gunia, akalala chali, akateleza chini. Mke akamfuata.

"Na wewe unakwenda wapi?" mumewe aliuliza.

"Mayai ni yangu. Nataka kumwona adui yangu."

Kule chini Mama Spana alimulika tochi.

"Dada, tazama. Injini iko mbele. Magurudumu yanayosukuma gari yako nyuma. Hili bomba refu la chuma linalozunguka katikati ndilo propela shafti. Linatoa nguvu mbele na kuipeleka nyuma. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Sasa gari likikanyaga shimo, nyuma inapanda na kushuka. Bomba lingekuwa gumu lote, lingekatika. Kwa hiyo kila mwisho pana kiungo kinachokunjika, kama kifundo cha mkono wako. Ndicho hiki. Kina mikono minne, umbo la msalaba. Mafundi tunakiita krosi. Kila mkono umevaa kikombe cha chuma, na ndani ya kikombe kuna sindano nyembamba zinazobingirika kwenye grisi. Grisi ikikauka, sindano zinasagika. Unaona huu unga mwekundu pembeni ya kikombe?"

"Naona. Ni kutu?"

"Ni kutu. Ni sindano zenyewe hizo, zimekuwa unga. Shika shafti hapa. Mimi nashika upande wa pili. Zungusha kidogo."

Mke akazungusha. Chuma kikacheza mkononi mwake. Kong, kikasema taratibu.

"Mungu wangu," alisema. "Ni huyu! Ni huyu anayevunja mayai yangu!"

Kule nje Baba Mayai alikuwa amechuchumaa. Mama Spana akatoka, akajifuta vumbi.

"Shemeji, mayai ni jambo dogo. Krosi hiyo ingekatika barabarani, shafti ingeanguka. Ikianguka upande wa mbele, inachoma ardhi na kulinyanyua gari. Na mama yako amekaa humo ndani. Gari hili lisitoke hapa kabla ya kubadilishwa krosi zote mbili."

Baba Mayai alimtazama mama yake. Aliogopa kweli, na alisema hivyo.

"Dada, nimeogopa. Tufanye nini?"

"Kesho nasimamia mitihani ya wanafunzi. Nikirudi tutafanya pamoja. Nawaachia stendi za kushikilia gari juu, na jiliwa langu la kubania vyuma liko bandani kwangu. Lakini sikilizeni vizuri. Gari lisikae juu ya jeki peke yake, liwekwe kwenye stendi. Shafti ikishatoka, gia hailishiki tena gari, kwa hiyo mawe na breki ya mkono vibaki pale pale. Dukani nendeni na shafti yenyewe, maana krosi zina saizi nyingi. Na kabla ya kufungua bolti hata moja, chukueni rangi, wekeni alama. Mahali shafti inapokutana na gari, na mahali vipande vyake viwili vinapoingiana. Kila kitu kirudi kama kilivyokuwa. Mmeelewa?"

"Tumeelewa," alisema Baba Mayai.

Mama Spana anasema hilo ndilo neno analoliogopa kuliko yote darasani.

Safari ya mwokaji ilikuwa keshokutwa asubuhi. Baba Mayai hakuweza kumngoja mtu atoke kwenye mitihani. Kulipokucha alikuwa tayari chini ya gari, amevaa shati alilokatazwa kuchafua. Mawe aliyaweka. Stendi aliziweka. Breki aliivuta. Katika hayo sina la kumlaumu.

"Umeweka alama?" mke aliuliza.

"Alama ya nini? Gari ni moja, shafti ni moja. Itapotelea wapi?"

"Dada alisema..."

"Nina macho, mama watoto."

Akafungua bolti, shafti ikatoka. Ilikuwa ya vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine kwa meno. Akavichomoa, akavisafisha kwa mafuta ya taa hadi vikang'aa. Akajisikia fundi.

Walirudi kutoka dukani na krosi mbili mpya, wakaenda bandani kwa Mama Spana. Hapo mke ndiye aliyeng'ara. Walitoa klipu zinazozuia vikombe. Wakabana krosi kwenye jiliwa, soketi ndogo ya spana upande huu ikisukuma, soketi kubwa upande ule ikipokea, na vikombe vya zamani vikatoka. Kimoja kilipofunguka, hapakuwa na sindano hata moja. Ulimwagika unga mwekundu tu.

Wakaanza kuingiza mpya. Kikombe kimoja kikakwama. Kiliingia nusu, kikagoma.

"Nipe nyundo," alisema Baba Mayai.

"Weka nyundo chini!"

"Nakigonga kidogo tu."

"Nimesema weka chini. Kitu kipya kikigoma, kina sababu."

Akakirudisha nje kikombe kile, akachungulia. Sindano moja ilikuwa imeanguka, imelala ndani, kwenye kitako cha kikombe. Kama wangegonga, ingevunjika, na krosi mpya ingeharibika siku hiyo hiyo. Mke ana vidole vilivyozoea vifaranga. Aliisimamisha ile sindano kwenye ukuta wa kikombe, akaishikiza kwa grisi, akakisukuma tena. Kikaingia kilaini. Akatia klipu, ikalia tak. Akaijaribu krosi kwa mkono. Ilikunjika huku na huku bila kukwama, bila kucheza.

"Mke wangu," alisema Baba Mayai, "hata mimi nisingeweza."

"Hilo nalijua."

Walifunga shafti, wakashusha gari. Bibi akapanda mbele. Klachi ikaachiwa. Kimya! Hakuna kong. Walikwenda hadi mwisho wa mtaa. Hakuna kwi, kwi. Baba Mayai akapiga honi kwa furaha, watu wakachungulia madirishani.

Kisha akaingia barabara kubwa, akaongeza kasi.

Lo! Pikapu ilitetemeka kuliko wakati wowote. Usukani ulimcheza mikononi. Waya wa kioo ukakatika, kioo kikaning'inia.

"Mwanangu," Bibi alisema, sauti inamtetemeka, "nishushe. Nitarudi kwa miguu."

Walirudi polepole sana. Mke alikaa kwenye ngazi ya mlango, ameshika kichwa. Krosi mpya, kazi nzuri, na mambo yamezidi kuharibika. Kesho ndiyo siku yenyewe. Aliwatazama kuku wake, akaona tayari wamo kwenye matenga ya mtu mwingine.

Mama Spana alirudi jua likiwa bado kali. Aliwakuta wamekaa wote watatu, kila mmoja anaangalia upande wake.

"Mmefanya bila mimi," alisema.

 Akakagua mawe, akaingia chini na tochi yake. Muda si mrefu wakasikia kicheko. Kilikuwa kicheko kikubwa, hadi kuku wakatulia.

"Dada, njoo! Nani kaweka krosi hizi?"

"Mimi," mke alijibu kwa woga.

"Zimekaa vizuri kuliko za wanafunzi wangu! Na nani hakuweka alama?"

Baba Mayai akainua mkono taratibu.

"Njoo na wewe uone. Kila mwisho wa shafti pana uma unaoshika krosi. Uma wa mbele umelala hivi. Wa nyuma je?"

Mke akatazama, akashtuka. "Umesimama! Hazitazami upande mmoja!"

"Ndiyo shida yote. Krosi ikiwa imekunjika, haizungushi sawasawa. Inaharakisha kidogo, inachelewa kidogo. Kazi ya krosi ya pili ni kusahihisha kosa la ya kwanza. Lakini itasahihisha tu kama uma zote mbili zimelala upande mmoja. Zisipolala hivyo, kosa linaongezwa juu ya kosa, na gari linatetemeka. Shemeji ulipochomoa vile vipande, ulivirudisha vimegeuka. Ungeweka alama, usingepotea."

"Nimekosea," alisema Baba Mayai. "Mke wangu aliniambia, nikajifanya najua."

"Liseme tena hilo," alisema Bibi. "Kwa sauti."

Akalisema tena, kwa sauti, wakacheka wote.

Gari likarudi juu ya stendi. Safari hii mke ndiye aliyeshika spana, na mumewe akamulika tochi. Alichomoa kipande, akakizungusha hadi uma zote mbili zikalala sambamba, akakirudisha. Hapo hapo akachora mstari wa rangi nyeupe, kipande kwa kipande, ili mtu yeyote atakayefungua kesho au mwakani asikosee. Wakatia kwenye bolti nati mpya alizowapa Mama Spana, wakazikaza kwa zamu, moja hapa na nyingine ya upande unaoielekea. Mwisho Mama Spana akampa pampu ya grisi.

"Sukuma kwenye hiki kitundu hadi grisi itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kila mkibadilisha oili ya injini, fanyeni hivi pia. Na kuanzia leo, redio izimwe mnapoondoka nyumbani. Sikilizeni gari kwanza."

Wakashuka barabara kubwa, wanne wamebanana kwenye kiti cha mbele. Baba Mayai akaongeza kasi kwa woga. Akaongeza tena. Pikapu iliteleza barabarani, imetulia kabisa. Wakasikia upepo dirishani, kitu ambacho hawakukisikia muda mrefu. Wakamgeukia Bibi wamuulize anajisikiaje. Bibi alikuwa amelala fofofo.

"Tumeiweza!" mke alipiga kelele. "Tumeiweza jamani!" Akapiga vigelegele hadi Bibi akazinduka na kuuliza nani anaoa.

Asubuhi, kabla ya kupakia, mke alisimama nyuma ya pikapu, mikono kiunoni.

"Godoro litoke."

"Labda leo tu," alisema Baba Mayai. "Kwa usalama."

"Litoke!"

Likatoka. Wakalianika ukutani, mbali na pua za watu. Trei zikapangwa juu ya bati tupu la pikapu.

Mwokaji alikuwa anawangoja mlangoni, mikono imejaa unga. Hakusalimia kwa uchangamfu. Alishusha trei ya kwanza, akaiweka kwenye mwanga, akatazama. Akashusha ya pili. Mke aliukaza mtandio mabegani, akausokota, akausokotoa. Mwokaji akafika kwenye zile trei za chini, akaziinua moja moja, akapapasa chini yake kwa kiganja.

Kiganja kilitoka kikavu.

"Yote mazima," alisema. Akatazama tena, kama haamini. "Hata moja halina ufa. Mama, mmefanya nini?"

"Tumebadilisha krosi," alijibu mke.

"Krosi za nini?"

"Za propela shafti," alisema mke, kichwa juu. "Na nimezifunga mimi."

Mwokaji akacheka, akamshika mkono na kuujaza unga. "Basi yule mwingine nitamwambia asije. Na nafungua duka la pili mwezi ujao. Nitahitaji mayai mara mbili ya haya. Utaweza?"

Baba Mayai alifungua mdomo ajibu. Mkewe akamwahi.

"Tutaweza. Nipe muda wa kulea wengine."

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Walisimamisha pikapu kwa muuza vifaranga. Mke akashuka wa kwanza, akainama juu ya boksi, uso umejaa furaha.

"Nichagulie wenye nguvu," alimwambia muuzaji. "Hawa wana kazi inawasubiri."